Jani la Mkungu

Asubuhi hii, kabla hujafagia uwanja, inama uokote jani moja la mkungu, lile jekundu lililodondoka lenyewe.

Kule Thailand, wafugaji wa wale samaki wadogo wapiganaji hulithamini jani hili. Huliosha, hulikausha vizuri, kisha hulitia ndani ya tangi. Siku chache tu, maji yanageuka rangi ya chai ya rangi. Hiyo ni tanini inayotoka. Huyapa maji uchachu kidogo na kupunguza nguvu ya ukungu na bakteria, na samaki aliyezaliwa na wazee wa maji ya namna hiyo hutulia. Mto Rio Negro wa Brazili ni mweusi kwa sababu kama hiyo, kwa majani na miti inayooza msituni. Mtu akiuona atadhani ni uchafu, kumbe samaki wamejaa humo.

Lakini nakusihi, kama unafuga samaki wa Ziwa Tanganyika, usiwatilie majani. Maji yao ya asili ni magumu, yenye chumvichumvi za madini, na uchachu hawauwezi. Wala usiokote majani kando ya barabara au palipopigwa dawa.

Mimi hupenda kulitazama jani likizama. Linalegea, utelezi unalifunika, na kamba wadogo wanakuja kuutafuna taratibu. Wiki zikipita, hubaki mishipa mitupu, myembamba kama wavu, na mwanga wa dirishani unapenya katikati yake.