Kukiri kwa Ajili ya Punguzo



Jemima Sumgong ndiye mwanamke wa kwanza Mkenya kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, kule Rio 2016. Mwaka uliofuata akapatikana na EPO, dawa ya kuongeza nguvu, akafungiwa miaka 4. Katika kujitetea alipeleka karatasi za hospitali za uongo. Mwaka 2019 adhabu ikapandishwa hadi miaka 8. Uongo ulimgharimu sawa na dawa yenyewe.

Mwaka 2025 ikawa zamu ya Ruth Chepngetich, mwenye rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake. Alistahili miaka 4. Alipokiri na kukubali adhabu akapewa 3. Ndiyo sheria: ukikiri ndani ya siku 20 za kushtakiwa, unapunguziwa mwaka mmoja.

Sasa, anayekiri apate punguzo, ametubu kweli? Mimi niliyesomea biashara naona hapo hesabu, tena si mbaya, maana hata kukiri kwa woga kunazuia uongo wa pili. Lakini toba si hiyo peke yake. Zakayo hakuahidiwa punguzo lolote, ila alisema atarudisha mara nne.

Basi mweka hazina wa chama hapa Voi akisema "nisameheni" siku ya ukaguzi, tumpokee, tusimfukuze. Halafu tumuulize kwa upole: pesa za akina mama zinarudi lini? Akitaja tarehe, toba imeanza.