Je, Upo Uongo wa Huruma?



Mwezi uliopita, tulipokwisha toka kanisani, ndugu mmoja alinishika mkono akaniuliza: "Mwalimu, mgonjwa akikuuliza habari ambayo huenda ikamwua, utamwambia?" Nilimjibu upesi, kama tulivyozoea sisi walimu, kwamba Amri ya Tisa iko wazi na kwamba Mkristo hasemi uongo. Alitikisa kichwa, akaenda zake. Nami nilipokuwa njiani kurudi nyumbani niliona haya. Swali hilo niliwahi kuulizwa na mgonjwa mwenyewe, tena mgonjwa huyo alikuwa mama yangu mzazi, wala sikumwambia kweli.

Mwaka 2004 mdogo wangu alifariki kwa ajali katika barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, hii inayopita hapa kwetu Lugoba. Sisi tukaao kando ya barabara hii twajua mambo yake. Lori linapofunga breki usiku, watu huamka wakahesabu watoto wao. Wakati ule mama alikuwa kitandani kwa kiharusi, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi, na presha iko juu. Wazee wa ukoo walikutana chini ya mwembe, wakakata shauri kwamba asiambiwe. Tulizika kwa mjomba, mbali na masikio yake, na matanga yakakaliwa huko huko. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, na mama aliniamini, nilipewa kazi ya kumwambia kwamba mwanawe amepata kazi Tanga.

Uongo ule wa kwanza ulikuwa mwepesi. Lakini mama aliuliza, "Mbona hakuja kuniaga?" Ikanipasa kutunga wa pili. Akauliza, "Hata salamu hajaleta?" Basi nikaleta salamu. Mwisho wa mwezi nilinunua doti ya kanga dukani, nikamwambia, "Mwanao amekuletea hii." Aliipokea kwa mkono wake uliokuwa mzima, akamwombea mwanawe heri huko aliko. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko, sikuweza kurudi ndani mara moja.

Katika juma la saba alikuja jirani aliyekuwa safarini muda huo wote. Hakujua mapatano yetu, akampa mama pole. Basi ikajulikana. Mama hakufa. Alilia siku tatu, kisha akaniita. Hakunikemea. Aliniuliza mambo mawili tu: "Nani alimwosha mwanangu? Na kanga hii aliinunua nani?" La kwanza nilimjibu. La pili nilinyamaza, naye akaikunja ile kanga akanirudishia. Aliishi miaka minne baada ya hapo.

Sisemi kwamba kila mgonjwa angevumilia kama yeye. Wala siwalaumu wazee wetu, kwa maana walitaka aishi. Nataka tulitazame swali lenyewe, kwa kuwa ni la kale kuliko barabara yetu.

Mtakatifu Augustino, ambaye twamhesabu kuwa mwalimu mkubwa wa Kanisa, alikuwa Mwafrika. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, akawa Askofu wa Hippo mpaka alipofariki mwaka 430. Aliandika vitabu viwili juu ya uongo. Katika kile cha pili, alichokiandika karibu na mwaka 420, analeta mfano ambao nilipousoma kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu. Yupo mgonjwa, asema, yu karibu kufa. Mwana wake wa pekee amefariki, na nguvu za mgonjwa huyo haziwezi kuistahimili habari hiyo. Anakuuliza wewe unayejua, je, mwanangu yu hai? Utajibu nini? Ukisema yu hai, umedanganya. Ukisema sijui, umedanganya. Ukisema amekufa, watu watakuambia umemwua. Augustino hajifanyi kuwa jiwe. Akiri kwamba mfano huo unamtikisa moyo, kwa kuwa naye ni mwanadamu. Walakini hageuki. Ashikilia kwamba uongo haufai hata hapo, kwa sababu ukiufungulia mlango ule mdogo wa huruma, uongo mwingine hufuata nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtu asijue akomee wapi.

Juu ya hilo namshuhudia Augustino. Kwanza ilikuja kazi ya Tanga, kisha salamu, kisha kanga.

Wapo watakaouliza juu ya wakunga wa Misri katika kitabu cha Kutoka, waliomdanganya Farao ili kuwaokoa watoto wachanga, na juu ya Rahabu wa Yeriko aliyewaficha wapelelezi. Hao Mungu aliwatendea mema, na Waraka kwa Waebrania unamtaja Rahabu miongoni mwa watu wa imani. Augustino naye aliulizwa hivyo, akajibu kwamba Mungu aliwalipa kwa huruma yao, si kwa uongo wao. Kisha katika kitabu chake cha kwanza atuonyesha njia nyingine. Asimulia habari za Firmus, aliyekuwa Askofu wa Thagaste, ule mji alikozaliwa yeye. Mtu mmoja alikimbilia kwake, akamficha. Watumishi wa Kaisari walipokuja kumtafuta, Firmus hakusema hayupo, wala hakusema yuko wapi. Aliwaambia kwamba hawezi kusema uongo, na kumsaliti mtu hawezi vilevile. Wakamtesa, asibadili neno. Alipopelekwa mbele ya Kaisari, Kaisari alistaajabu, akamsamehe yule mtu aliyefichwa.

Basi kuficha na kudanganya si jambo moja. Firmus alificha, lakini hakudanganya. Na gharama ya kunyamaza kwake aliilipa kwa mwili wake mwenyewe.

Habari ya pili mwisho wake ni Bagamoyo, mwendo usio mrefu kutoka hapa ukishika njia ya Msata. Sote twajua kwamba David Livingstone alifariki mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, na kwamba watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake huko chini ya mti, wakaukausha mwili wake na kuuchukua kwa miguu mpaka pwani. Walitembea miezi ipatayo tisa. Lakini si wengi wanaojua kwamba safari ile ingaliishia njiani kama wasingalidanganya watu.

Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, naye akawashauri wamzike palepale. Walikataa. Walipoendelea mpaka Kasekera waliona kwamba wenyeji hawatakubali maiti ipite katika nchi yao. Basi wakafanya shauri. Usiku waliufungua mwili, wakaufunga upya uonekane kama mtumba wa kawaida wa nguo. Kisha wakakata mabua ya mtama, wakayazungushia nguo kwa mfano wa maiti, wakawapa watu sita wayachukue kurudi Unyanyembe, kana kwamba wanakwenda kuzika, pamoja na karatasi iliyokunjwa kama barua na kubanwa katika ufito. Watu hao walipofika mbali waliyatupa mabua porini, wakarudi kwa siri mmoja mmoja. Wenyeji wakaridhika, na msafara ukapita. Mwezi wa Februari 1874 mwili ulifika Bagamoyo, ukawekwa katika misioni ya Wakatoliki, pale penye mnara uitwao hata leo kwa jina la Livingstone. Tarehe 18 Aprili ulizikwa London, katika Westminster Abbey.

Je, Susi na Chuma walitenda dhambi? Tukimfuata Augustino, hapana budi tuseme kwamba walidanganya. Watu wa Kasekera walikuwa na hofu yao ya kweli juu ya maiti, nao hawakuheshimiwa. Yafaa tuliseme hilo bila kulipamba. Hata hivyo tuangalie mzigo ulikwenda wapi. Kama wangalizika Unyanyembe, wangaliupumzisha mzigo wao siku ile, na hakuna ambaye angaliwalaumu. Wao walidanganya ili waendelee kuuchukua. Wala hawakutajirika kwa kazi hiyo. Baadaye Chuma aliongoza misafara ya misioni yetu ya UMCA, akafariki Zanzibar mwaka 1882. Na Susi alibatizwa huko mwaka 1886, akaitwa David.

Hapo ndipo nilipoanza kujihukumu. Mimi nilipomdanganya mama, mzigo ulikwenda wapi? Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilimchukulia yeye. Lakini nikisema kweli mbele za Mungu, niliogopa kilio chake. Niliogopa kukaa kando ya kitanda kile usiku kucha, bila neno la kumfariji. Ule uongo ulinipumzisha mimi. Yeye aliuchukua mzigo wake wote baadaye, peke yake, matanga yakiwa yamekwisha ondolewa na waombolezaji wamekwisha rudi makwao. Tulimwibia msiba wake. Majirani wote, Wakristo kwa Waislamu, walikuwa wamekuja kulia pamoja nasi. Yeye tu aliyemzaa marehemu hakuliliwa na mtu.

Siletei kipimo hiki cha mzigo ili kugeuza uongo kuwa kweli. Uongo ni uongo. Lakini kinatusaidia kuujua moyo wetu, maana moyo ni hodari wa kuita woga kwa jina la huruma.

Tukitumie basi katika mambo ya kila siku. Baba anadaiwa na mwenye duka. Mdai anapobisha hodi, baba anamwambia mtoto, "Mwambie sipo." Mzigo wa aibu ya baba sasa umewekwa juu ya kichwa cha mtoto wa miaka saba, naye Jumapili anafundishwa Amri Kumi. Ingalikuwa heri baba atoke aseme, "Ndugu yangu, leo sina, nivumilie mpaka mwisho wa mwezi." Aibu ingalikuwa yake, nayo ingalikwisha.

Tena sisi tunaouliza tujiangalie. Mchungaji Dietrich Bonhoeffer wa Ujerumani, aliyenyongwa na Wanazi mwezi wa Aprili 1945, aliandika akiwa gerezani mwaka 1943 juu ya maana ya kusema kweli. Atoa mfano wa mwalimu amwulizaye mtoto mbele ya darasa kama ni kweli kwamba baba yake hurudi nyumbani amelewa. Ni kweli, lakini mtoto akana. Bonhoeffer asema lawama ya uongo huo ni ya mwalimu, kwa kuwa ameingia katika nyumba isiyo yake. Chuo cha ualimu kilinifundisha namna ya kuuliza maswali darasani. Hakikunifundisha ni maswali gani sina haki ya kuyauliza. Nimewahi kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake nikamwuliza kwa nini mchango wa shule haujaletwa. Akasema baba amesafiri. Nilijua hajasafiri. Nilimwadhibu kwa uongo nilioutengeneza mimi.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu aliyeniuliza. Jibu langu la siku ile lilikuwa fupi mno, nisamehe. Leo nakujibu hivi.

Kwanza, hulazimiki kusema kila ujualo saa ile ile ulijualo. Waweza kumwambia mgonjwa, "Ipo habari nzito, nami nitakuambia, ngoja waje Padre na mama mdogo tukae pamoja." Hapo hujadanganya, na tayari umeanza kumwandaa.

Pili, mwulize mganga ni saa gani mwili wake waweza kustahimili, lakini usimwachie mganga wala wazee kazi ambayo ni yako.

Tatu, ukisha sema kweli, usiondoke. Mtume Paulo awaambia Waefeso tuishike kweli katika upendo, na mimi naelewa kwamba upendo huo una miguu na matako: unakuja, na ukija unakaa. Mtu akipewa habari mbaya na kuachwa peke yake, ametendewa ukatili, hata kama kila neno lilikuwa kweli. Mtu akipewa habari ile ile na mwanawe aliyemshika mkono, akakesha naye, akalia naye, huenda akaistahimili. Huenda asiistahimili. Lakini hatakuwa ameachwa nje ya msiba wake mwenyewe.

Na kama umekwisha danganya, kama mimi, nenda ukaungame mapema, kabla hajaja jirani kutoka safari. Mimi nilichelewa. Mama alinisamehe, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kweli ile aliisikia kutoka kwa mtu mwingine, na hilo siwezi kulirudisha.

Bwana wetu, aliye Njia na Kweli na Uzima, atupe ujasiri wa kusema na subira ya kukaa. Amina.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwalimu mstaafu, Lugoba