Kiyoyozi Kinajua Nini?

Februari jijini Dar es Salaam, mtu akitoka juani na kuingia chumbani, kitu cha kwanza anachotafuta ni rimoti. Hata viatu hajavua. Anabonyeza kitufe mpaka namba inagota 16, kisha anasimama chini ya mdomo wa kiyoyozi na kusubiri. Moyoni anaamini kwamba angeweka 24 mashine ingefanya kazi kivivu. Kwa 16 imeamrishwa kwa ukali, kwa hiyo itajituma.

Haijitumi. Kiyoyozi cha kawaida kisicho na inveta kina kompresa yenye hali mbili tu: inazunguka au imesimama. Ikizunguka, huhamisha joto kwa nguvu ileile, iwe rimoti inasoma 16 au 24. Chumba chenye nyuzi 31 kitafika 24 kwa muda uleule. Tofauti huja baadaye: aliyeweka 24 kompresa yake itapumzika, na aliyeweka 16 itaendelea kuzunguka, na usiku wa manane atajikuta akipapasa kutafuta blanketi huku uniti za umeme za Luku zikiyeyuka. Cha inveta hubadili mwendo, lakini nacho kikikuta chumba kina joto jingi huanza kwa kasi kubwa bila kungoja kukaripiwa.

Kosa hili si la pwani peke yake. Mwaka 1986 mtafiti Mmarekani Willett Kempton alichapisha makala kuhusu namna watu wa kwao wanavyoelewa themostati, kifaa kinachodhibiti joto la nyumba. Alikuta wengine wanakielewa sawasawa, na wengine wanakichukulia kama bomba la maji: ukifungua zaidi, yanamwagika kwa kasi zaidi. Nyumba zao ni za kupashwa moto na za Dar ni za kupozwa, lakini dhana ni ileile.

Chini ya kosa hilo dogo limelala swali kubwa. Anayekiamuru kiyoyozi kwa ukali amekwisha kukipa bidii, na kiumbe mwenye bidii lazima awe na kitu anachokijua na kukitaka. Je, kiyoyozi kinajua kwamba chumba kina joto?

Mwaka 1979 John McCarthy, mmoja wa waasisi wa taaluma ya akili bandia, alijibu kwamba hata kifaa sahili kama themostati kinaweza kusemwa kuwa na imani. Imani zake ni tatu tu: hapa pana joto mno, hapa pana baridi mno, hapa panatosha. Hakuwa na maana kwamba themostati huwaza kama binadamu. Alichagua mfano mdogo kuliko yote makusudi, ili aonyeshe mahali ambapo lugha ya akili inaanza kusaidia kueleza mashine. Mwaka uliofuata mwanafalsafa John Searle alimpinga vikali. Kwake, elimu ya akili huanzia kwenye ukweli kwamba binadamu ana imani na themostati haina. Nadharia inayofuta mpaka huo imepoteza kile ilichokuwa ikikitafuta. Mwaka 1996 David Chalmers alikwenda mbali zaidi, akauliza kwa dhati kama themostati yenyewe haina chembe fulani ya hisia.

Kabla ya kuchagua upande, ni vizuri kukifungua kifaa. Ndani ya pasi ya umeme themostati ni kipande cha metali mbili zilizounganishwa. Moja hutanuka kuliko nyingine zinapopata moto, kipande kinapinda, umeme unakatika. Kwenye viyoyozi vya leo ni sensa ndogo ambayo upinzani wake kwa umeme hubadilika kadiri joto linavyobadilika. Imewekwa pale hewa ya chumba inapovutwa kuingia, juu ukutani. Haipimi joto la kitandani wala la mtu aliyelala. Ukiweka taa ya moto karibu nayo, kompresa itazunguka hata chumba kikiwa baridi, na hapo McCarthy angesema kifaa kimeamini uongo.

Kiswahili cha mtaani kingekubaliana naye. Kiyoyozi "kimegoma", "kinakula umeme", gesi yake "imekwisha". Maneno haya ni mazuri mpaka yanapogharimu. Gesi ya kiyoyozi hailiwi. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: inachemka kwenye koili ya ndani na kunyonya joto la chumba, inashindiliwa na kompresa, inalitema joto lile nje, kisha inarudi. Ikipungua, kuna mahali panavuja. Wanaojaziwa gesi kila mwaka bila kutafutiwa tundu wanalipia tamathali ya usemi.

Lakini lugha hiyohiyo ina sarufi, na sarufi imeweka mpaka ambao mitaa haijaufuta. Maneno "kiongozi" na "kiyoyozi" yanafanana umbo, yote yanaanza na ki-. Hata hivyo kiongozi amegoma na kiyoyozi kimegoma. Panya amekufa, mende amekufa, simu imekufa. La ajabu zaidi ni mti: una uhai, unakua, hata huelekea mwanga, lakini bado "umekauka". Uhai peke yake hautoshi, wala kuitikia mazingira. Sarufi haithibitishi falsafa, ila hapa imegusa mahali penyewe, nafasi ya yule ambaye jambo linamfika.

Historia ya themostati inasema hivyohivyo. Warren Johnson alikuwa mwalimu wa chuo cha ualimu huko Whitewater, jimboni Wisconsin. Mhudumu wa jengo ilimbidi aingie darasa baada ya darasa kuona kama kuna joto au baridi, ndipo ashuke kurekebisha moto wa tanuri. Johnson akabuni kifaa cha umeme cha kumpa mhudumu ishara, akakipatia hataza mwaka 1883. Kifaa kilimpunguzia safari. Lakini aliyeingia darasani alijua baridi kwa ngozi yake, na aliona wanafunzi wanaojikunyata. Ishara ilibeba habari ile, ikaiacha ngozi mlangoni.

Ushahidi mzito zaidi uko mwilini. Kila binadamu ana kidhibiti joto ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, kinachoshikilia mwili karibu na nyuzi 37. Kinafanya kazi mtu akiwa macho au usingizini, bila yeye kuamua. Malaria inapopanda, kiwango kinachoshikiliwa hupandishwa. Mwili wenye nyuzi 38 unahesabiwa kuwa umepoa, misuli inatetemeshwa ili kuzalisha joto, na mgonjwa anayeungua anasema anasikia baridi. Mambo mawili yametengana waziwazi: kuna kudhibiti, kunakofanyika kimyakimya hata katika kichwa kilicholala, na kuna mtu anayesikia baridi na kuomba blanketi. Kama udhibiti wa ndani ya ubongo wenyewe hautoshi kuwa kujua, ule wa ukutani hauna dai lolote. McCarthy alipata lugha yenye manufaa. Kuhusu kujua, Searle ndiye aliyekuwa sahihi.

Na jambo hili lina watu ndani yake. Katika chumba cha mgonjwa, kiyoyozi kilichowekwa 22 kikifika 22 kimemaliza shughuli yake, hata aliyelala chini yake akitetemeka meno yakigongana. Anayemuuguza asiitazame namba ile kama shahidi. Amshike mkono mgonjwa, amuulize anasikiaje, ndipo aichukue rimoti.