Mgonjwa wa Viungo Aendaye Kupumzika

Katika vijiji vya Kabare na Walungu, juu ya vilima vilivyo karibu na mji wa Bukavu, wako akina mama ambao asubuhi hawawezi kukunja vidole vyao. Vidole vimevimba, magoti yanauma, nyayo zinaogopa kukanyaga chini. Saa nzima hupita, na pengine zaidi, ndipo viungo vinapoanza kulegea. Mchana mtu huyohuyo huonekana njiani akitembea kama wengine. Naye akisema kwamba anataka kwenda kukaa majuma mawili kwa dada yake huko Uvira, penye joto, majirani huulizana: «Kama anaweza safari, kwa nini hawezi jembe?»

Swali hilo si dogo. Lagusa haki, lagusa mapendo, lagusa na ukweli. Yafaa lijibiwe kwa utaratibu.

Ugonjwa wenyewe ni nini?

Kwa Kiswahili huitwa baridi yabisi. Wengi katika Kivu husema rumatisimu, kwa kufuata Kifaransa. Majina hayo hutumika kwa maumivu ya namna nyingi, lakini hapa yasemwa juu ya ule ugonjwa wa kudumu unaovimbisha viungo na kuvipinda. Jina la baridi limewadanganya watu wengi, maana wanadhani kwamba baridi ndiyo iliyouzaa. Sivyo. Katika mwili wa kila mtu imo nguvu ya kuulinda juu ya vijidudu vya magonjwa, kama walinzi wakeshao kijijini usiku. Katika ugonjwa huu walinzi hao wanakosea: wanaushambulia utando wa ndani wa viungo kana kwamba ni adui. Utando huvimba, na miaka ikipita mfupa nao huliwa. Mara nyingi huanza katika viungo vidogo vya mikono na miguu, upande wa kuume na wa kushoto pamoja. Tena huleta uchovu mzito usioondolewa na usingizi wa usiku mmoja.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 18 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na katika kila kumi, saba hivi walikuwa wanawake. Basi haukuzaliwa katika kilima kimoja, wala haukuletwa na jicho la jirani. Anayemshtaki mama mkwe au mke wa ndugu yake kwamba ameroga au ametia sumu katika pombe, anamsingizia mtu asiye na kosa. Mkatekumeni anayejifunza Amri ya Nane ajue kwamba jambo hilo ni ushahidi wa uongo.

Ugonjwa huu una desturi ya kwenda na kurudi. Leo mtu ana nafuu, kesho hawezi kufunga kitenge chake. Mfano wake waonekana kwa Christiaan Barnard, daktari wa Afrika ya Kusini. Mwaka 1956 aliambiwa kwamba anao ugonjwa huu. Hata hivyo, tarehe 3 Desemba 1967, kwa mikono hiyohiyo, yeye na wenzake walihamisha moyo wa mtu aliyekufa na kuutia katika kifua cha mtu mwingine, jambo lisilokuwa limefanyika duniani kabla ya siku ile. Mwaka 1983 aliacha kazi ya upasuaji, kwa kuwa vidole havikumtii tena. Aliyemtazama mwaka 1967 angeweza kusema kwamba huyo si mgonjwa, naye angekosea. Vivyo hivyo anakosea jirani anayemwona mama amepanda gari, akafikiri kwamba ugonjwa wake ni wa uongo. Aketiye garini anachukuliwa. Alimaye shambani anachukua. Nguvu zinazotakiwa si sawasawa.

Je, kupumzika ni mshahara?

Wengi hudhani kwamba mapumziko ni mshahara wa kazi: aliyelima sana apumzike, asiyelima asipumzike. Fikira hiyo yaonekana ya haki, lakini haifiki mbali. Katika Amri ya kuitakasa siku ya Bwana, Maandiko hayakuwapa pumziko matajiri na wenye nguvu peke yao. Yalimtaja mtumwa, yalimtaja mgeni, yalimtaja hata ng'ombe na punda. Punda hawezi kusimama mbele ya wazee na kuhesabu mizigo aliyobeba. Apewa pumziko kwa kuwa ni kiumbe kinachochoka. Ikiwa mnyama apewa bila kuulizwa, mama mwenye vidole vilivyopindika atanyimwaje?

Tena iko hesabu nyingine isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, akiandika juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba pumziko linapasa kulingana na nguvu zilizotumika. Hakusema kwamba lipimwe kwa wingi wa mavuno tu. Mwanamke mzima huteka bido ya maji, akarudi akiimba. Mgonjwa wa viungo akiteka bido hiyohiyo, ametumia nguvu za siku nzima. Katika Injili, mjane maskini aliyetoa sarafu mbili alihesabiwa kuwa ametoa kuliko matajiri, kwa sababu alitoa katika uhaba wake. Kama sadaka yapimwa hivyo, kazi nayo ipimwe hivyo, na pumziko lifuate kipimo hichohicho.

Mfanyakazi wa ofisi au wa kiwanda mjini Bukavu analindwa na Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002, inayompa haki ya likizo yenye kulipwa. Mama wa shamba hana karatasi ya namna hiyo. Hana bwana wa kazi wa kumwandikia siku zake. Likizo yake imo mikononi mwa mume wake, watoto wake, wakwe zake na majirani zake. Wao wakiikataa, hakuna baraza la kumsikiliza. Ndiyo sababu daraka lao ni kubwa.

Je, si afadhali avumilie nyumbani?

Wako wasemao: «Kila Mkristu ana msalaba wake, na aubebe huyo wake bila kukimbia.» Maneno hayo ni mazuri, lakini mara nyingi husemwa na mtu asiyeumwa juu ya mtu anayeumwa. Uvumilivu ni fadhila kwa maumivu yasiyoondoleka. Haukumkataza mtu kamwe kutafuta nafuu iliyo halali. Aliye na kiu akikataa maji yaliyo karibu, hakuna awezaye kusema kwamba amekuwa mtakatifu zaidi. Yezu mwenyewe, mitume walipochoka na watu kuwasonga hata wasipate nafasi ya kula, aliwaita wapande mashua waende mahali pa faragha wapumzike kidogo. Hakuwaambia kwamba kuchoka kwao ni uvivu.

Pumziko halali humrudisha mtu katika kazi yake, kadiri ya nguvu zake. Pierre-Auguste Renoir, mchoraji wa Ufaransa, alishikwa na ugonjwa huu karibu mwaka 1892. Alikwenda mara kwa mara upande wa kusini wa nchi yake kutafuta joto, na mwaka 1907 alinunua shamba huko Cagnes. Mikono yake ilipindika, na mwishowe hakuweza kutembea. Lakini katika joto lile aliendelea kuchora mpaka alipokufa mwaka 1919.

Nani atalima?

Hapa wale wanaonung'unika wasikilizwe nao, maana si wote wenye moyo mbaya. Mama akiondoka, mihogo itatwangwa na nani? Binti yake wa miaka kumi na miwili ataacha masomo ateke maji? Fedha za safari zitatoka katika karo ya watoto? Maswali hayo ni ya haki, na mgonjwa asiyadharau. Ugonjwa haumwondolei mtu wajibu wa kuwafikiria wengine.

Kwa hiyo safari ifuate utaratibu. Dawa zitangulie kununuliwa kabla ya nauli. Mbuzi aliyewekwa kwa karo asiuzwe kwa matembezi. Siku zichaguliwe katika kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane, wakati shughuli za kupanda zimepungua. Kazi za nyumba zigawanywe mbele ya wote kabla ya kuondoka, na wavulana wapewe sehemu yao, wala mzigo wote usimwangukie binti mmoja. Mgonjwa naye, katika siku zake za nafuu, afanye awezayo bila kuombwa: kuchagua maharagwe, kumlea mtoto mchanga, kuwafundisha wadogo sala na kuhesabu. Hapo atapumzika bila dhamiri yake kumshtaki.

Safari ya namna gani?

Mji wa Bukavu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Kabare vimepanda zaidi. Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, uko karibu mita 800 tu. Joto la huko huwalegeza viungo wengi. Vivyo hivyo maji moto: huko Nyamyumba, karibu na Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu upande wa Rwanda, iko chemchemi ambako watu huja kutumbukiza viungo vinavyouma. Lakini joto hutuliza maumivu, halifukuzi ugonjwa. Anayeahidi kwamba maji fulani yanaponya kabisa, au kwamba mganga fulani wa mbali amalizana nao, anawaibia maskini.

Dawa za hospitali zisiachwe kwa sababu ya safari, wala kwa sababu ya siku chache za nafuu. Zichukuliwe katika mfuko wa mkononi, si katika mzigo uwezao kupotea. Mwenye kutumia metotreksati akumbuke kwamba kwa ugonjwa huu humezwa mara moja tu kwa juma. Kuimeza kila siku kwaweza kuua. Katika gari au katika boti asikae saa nyingi bila kunyosha miguu, maana kiungo kisichotikiswa hukakamaa. Na mwenyeji asimpokee mgeni kama mtumishi aliyeletwa kutwanga. Ampe kiti kisicho chini mno na maji ya vuguvugu asubuhi, tena asimwulize kila siku kama amekwisha pona.

Tena busara yatakiwa. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 mji wa Goma ulitwaliwa na wapiganaji wa M23, na mwezi wa pili mji wa Bukavu nao. Safari nyingi zilikatika, na watu wengi walikimbia ambao hawakuwa na mguu wa kukimbilia. Hakuna pumziko linalostahili kununuliwa kwa hatari ya uhai. Njia zikikosa amani, mgonjwa apumzishwe karibu: juma moja katika nyumba ya ndugu kilima cha pili, au siku tatu katika nyumba yake mwenyewe, moto ukiwashwa na mikono ya wengine. Umbali si sharti la pumziko. Sharti ni kwamba mzigo uondolewe mgongoni kweli, na kamba iondolewe katika paji la uso.

Basi swali la majirani ligeuzwe. Badala ya kuulizana kwa nini anaweza safari na hawezi jembe, waulizane nani atashika jembe lake mpaka arudi. Mkatekumeni anayejitayarisha kwa Ubatizo amtafute mgonjwa wa namna hiyo katika kijiji chake, amwulize kwa adabu: «Mama, ni kazi gani ya asubuhi inayokushinda?» Akiisha kujibiwa, aifanye kazi hiyo juma zima, kabla jua halijapanda.