Pembe na Machozi

Wasomaji wetu wa Kasongo na Kabambare wanaijua Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba. Leo ni mahali padogo. Lakini tangu miaka ya 1860 hata vita vya 1893 palikuwa na soko kubwa la watumwa na pembe za ndovu.

Twasema pembe, kumbe ni meno. Yapata theluthi moja ya jino imejificha ndani ya fuvu, na mwindaji hawezi kulipata zima asipomwua mnyama. Hiyo ndiyo bei ya kwanza. Bei ya pili walilipa watu. Vijiji vilishambuliwa, pembe zikachukuliwa na watu wakatekwa; wengi walitwikwa pembe hizo kwenda pwani kwa njia ya Ujiji na Tabora, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,400. Toka Unguja zilivuka bahari. Bara Hindi zikawa bangili; Ulaya na Marekani zikawa vitana, mipini ya visu, mipira ya biliadi, na vibao vyeupe vya piano.

Basi twauliza: yule aliyeketi kwake kupiga piano alikuwa na hatia gani? Hakumwua ndovu, wala hakumfunga mtu minyororo. Wengine watajibu: hana hatia, maana hakujua. Neno hili lina haki yake. Mungu hamhesabii mtu kosa asiloweza kulijua. Lakini kutojua ni kwa namna mbili. Yupo asiyeweza kupata habari. Na yupo asiyetaka kuuliza, kwa sababu jibu litamharibia raha.

Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alikuwapo Nyangwe wafanya biashara wenye bunduki walipowapiga watu sokoni, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Aliandika aliyoyaona, na habari zikafika Ulaya. Hata hivyo pembe ziliendelea kununuliwa.

Nabii Amosi aliwakemea matajiri waliolala juu ya vitanda vya pembe. Kosa lao halikuwa kitanda tu: hawakusikitika kwa maangamizi ya ndugu zao.

Wala sisi tusijihesabu safi. Iko misalaba ya pembe makanisani, na katika litania twamfananisha Mama Maria na mnara wa pembe. Je, tuitupe misalaba hiyo? La. Pembe haina dhambi. Dhambi imo moyoni mwa mtu. Ila tunapoitazama, tuwakumbuke pia waliobeba mizigo ile, tuwaombee.

Mwaka 1989 mataifa yalipatana kukataza biashara ya pembe kati ya nchi na nchi, lakini ndovu wangali wakiuawa kwa siri, kwa sababu wanunuzi wapo. Tena si pembe tu. Kila tuletewapo kitu kizuri kwa bei rahisi, na tuulize: kimetoka wapi, na nani amelia kabla hakijafika mikononi mwetu? Kuuliza hivyo ni sehemu ya kumpenda jirani, hata jirani tusiyemwona.