Nehemia Aomba Miti kwa Mfalme
(Nehemia 2:1–8)



Kila mwaka vijana wetu hutujia na neno moja: "Nimefaulu, lakini ada sina." Wengine huishia hapo, wakarudi nyumbani kwa huzuni. Basi, na tumtazame Nehemia, mnyweshaji wa mfalme Artashasta, tujifunze kwake jinsi ya kuomba.

Nehemia aliomba mbinguni kabla ya kuomba duniani. Habari za Yerusalemu alizipata mwezi wa Kislevu, wala hakusema na mfalme mpaka mwezi wa Nisani. Miezi ile ilikuwa ya kusali na kufikiri. Kwa hiyo alipoulizwa hakubabaika. Alitaja muda wa safari yake. Alitaka nyaraka kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto. Hata mtunza msitu alimjua kwa jina, Asafu, akaeleza kazi ya miti aitakayo: milango ya ngome, ukuta wa mji, na nyumba yake. Hakusema tu, "Ee mfalme, mimi ni maskini, nisaidie."

Nanyi wanafunzi, fanyeni vivyo hivyo. Ulizeni mapema: ni nani atoaye msaada, humpa nani, kwa masomo gani, na siku ya mwisho ya kupokea maombi ni ipi. Andikeni hesabu iliyo wazi: ada, vitabu, nauli, chakula, na sehemu itakayotolewa na jamaa zenu. Bwana wetu alifundisha kwamba ajengaye mnara huanza kwa hesabu (Luka 14:28). Tena pambanueni zawadi na mkopo, maana mkopo ni deni, nalo hulipwa. Wala msidharau msaada mdogo. Nauli tu yaweza kumfikisha mtu shuleni.

Msione haya. Martin Luther alipokuwa mwanafunzi aliimba milangoni pa watu ili apate mkate. Naye mwaka 1530, alipowaandikia wazazi wasiwatoe watoto shuleni, hakuificha habari hiyo, akawahimiza na matajiri wawasaidie watoto wa maskini.

Lakini liko jambo linalotuumiza. Wako waandikao kwamba ni yatima, na huku baba yu hai. Nasi viongozi tumetia sahihi bila kuuliza. Huo ni ushuhuda wa uongo, nasi twaijua Amri ya Nane. Mkate ule umeondolewa kinywani mwa yatima wa kweli. Tena tunayo hatia ya pili: barua ya kijana imelala mezani petu hata siku ya mwisho ikapita, naye akakosa nafasi yake. Na tutubu. Mwinjilisti au mzee aombwaye ushuhuda na aulize kweli yake upesi, kisha aandike bila kukawia.

Ukinyimwa, mkumbuke mjane wa Luka 18, uombe tena mahali pengine. Ukipewa, shukuru, utoe hesabu ya kila senti. Nehemia naye, alipokuwa liwali miaka 12, hakula chakula cha uliwali, kwa kuwa aliwaona watu wamelemewa. Vivyo hivyo wewe uliyesaidiwa, utakapopata kazi, mtazame mtoto aliye nyuma yako.

Mkono mwema wa Mungu uwe juu yenu nyote. Amina.