Uzuri, Weupe na Haki: Mzigo wa Kimaadili wa Neno "Fair"

Neno lenye maana nyingi ni tatizo kwa kila mfasiri. Ni maneno machache tu ambayo huwa pia tatizo la kimaadili. Neno la Kiingereza "fair" ni mojawapo. Humaanisha kitu cha kupendeza, mtu mwenye ngozi au nywele nyeupe, hukumu isiyo na upendeleo, kiwango cha wastani, na hata soko la msimu. Swali linalozuka ni hili: je, anayelitumia kwa maana ya haki hurithi pia kipimo cha ngozi kilichomo ndani yake?

Yafaa kwanza kutenganisha asili mbili. "Fair" ya soko ilitokana na neno la Kilatini "feria", yaani sikukuu, likapitia Kifaransa cha kale. Maana nyingine zilizotajwa zatokana na "fæger" ya Kiingereza cha kale, iliyomaanisha zuri, na ambayo ina unasaba na neno la Kigothi lenye maana ya kinachofaa. Maana ya kutopendelea ilijitokeza katika karne ya 14. Kwa hivyo hapana ithibati kwamba haki ilizaliwa na weupe. Zote mbili zilichipuka katika shina la uzuri.

Kutokana na hayo, yaweza kudaiwa kuwa msemaji wa leo hana hatia, kwani asili ya neno si hukumu ya matumizi yake. Hoja hii ina nguvu, lakini hulegea pale ambapo maana hizo zingali zikiishi pamoja. Katika Othello, tamthilia ya Shakespeare ya mwanzoni mwa karne ya 17, Mtawala wa Venisi anamtetea shujaa mbele ya baba mkwe wake kwa kusema kuwa, kwa wema wake, yeye ni "fair" kuliko mweusi. Sifa hiyo inamkweza Othello kwa kumwondoa katika rangi yake. Tusi limo ndani ya pongezi. Wala jambo hili si la kale tu. Krimu ya kung'arisha ngozi iliyoanza kuuzwa India mwaka 1975 kwa jina la Fair & Lovely ilibadilishwa jina mwaka 2020, baada ya lawama nyingi.

Kwa upande mwingine, John Rawls alilitumia neno lilo hilo kuijengea haki msingi, katika makala yake ya mwaka 1958 na kitabu chake cha 1971. Kwake, kanuni za haki ni zile ambazo watu wangezichagua bila kujua nafasi zao katika jamii, matabaka yao wala vipawa vyao. Neno lililozaliwa na kutazama sura likawa jina la nadharia inayomtaka mwamuzi asijitazame.

Kiswahili hutenganisha dhana hizi. Haki, kutoka "haqq" ya Kiarabu, hubeba ukweli na stahili. Uadilifu hutoka katika mzizi wenye wazo la kusawazisha. Hakuna mojawapo linalotaja ngozi. Hata hivyo, utengano huo una gharama: mfasiri wa Othello akichagua "mwema", ubaguzi wa Mtawala hufichika, akichagua "mweupe", utetezi wake hupotea. Aidha, Kiswahili chenyewe hakijatakasika, kwani mtu mnyofu husemwa kuwa ana moyo mweupe.

Basi si lazima neno litupwe kwa sababu ya ukoo wake. Linalodaiwa kwa mhakiki na mfasiri ni kubainisha, katika kila muktadha, ni maana ipi inayofanya kazi na ni ipi inayojipenyeza. Mfasiri wa kauli ya Mtawala akikosa neno moja la kubeba zote mbili, ni wajibu wake kumwonyesha msomaji kilichoachwa, ili Othello asisifiwe tena kwa kukanwa rangi yake pasipo mtu kutambua.